Waridi la Maji Meusi

Bi Mkemia hakuwa akiingia stoo kwangu kama wenzake. Wengine wa maabara walimtuma tarishi. Yeye alikuja mwenyewe, koti jeupe juu ya dera, mtandio umefungwa imara, na kabla ya kunisalimu alisimama mlangoni akavuta hewa puani. Kisha ndipo aseme, "Mama Kadzo, hujambo? Lile gunia la magadi kule pembeni limeingia maji." Nikienda kulitazama, kweli limeingia maji. Mwanzoni nilidhani ananichunguza nipate kufukuzwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hivyo ndivyo alivyofika mahali. Pale ambapo alikuwa hajapanusa, kwake alikuwa bado njiani.

Kiwanda chetu kilikuwa Changamwe, upande unaoteremka kuelekea mikokoni, na kazi yake ilikuwa kutengeneza spiriti ya kuchanganywa na petroli. Hiyo ni miaka ya themanini, magari yaliponyweshwa mchanganyiko huo ili mafuta ya kununua nje yapungue. Treni ilituletea molasi kutoka viwanda vya sukari vya bara, nzito, nyeusi, tamu ya kukaba koo. Tuliizimua kwa maji, tukaitia hamira, hamira ikala sukari na kutupatia spiriti. Mimi ni mtu wa Ribe, mtoto wa mgema, kwa hiyo hilo sikuhitaji kufundishwa. Nilichokuwa sikijui ni kile kinachobaki. Mchanganyiko ukichemshwa na spiriti ikishapanda juu ya mnara, chini hubaki maji meusi, ya moto, makali kama siki, tena mengi kuliko spiriti yenyewe. Wafanyakazi tuliyaita hivyo tu, maji meusi. Yalipita kwenye mfereji nyuma ya kiwanda yakaenda kijitoni, na hakuna aliyeyafikiria tena isipokuwa yeye.

Jina lake halisi nililisikia mara chache mno, hata likawa kama la mtu mwingine. Kazini meneja alimwita Bi Mkemia, mlinzi wa geti vilevile, na Magogoni ya Kisauni, ambako nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti, watoto walimwita hivyohivyo wakipiga mpira mlangoni kwake. Nami nitamwita hivyo.

Hakujipaka manukato. Nduguze wa kike wakija Ijumaa na nguo zilizofukizwa udi, aliwakaribisha kwa furaha, akawapa chai ya tangawizi, kisha akaketi upande ule unaotoka upepo. Alisema pua yake ni chombo cha kazi kama vile mkasi wa fundi cherehani, na fundi hakati karatasi kwa mkasi wa nguo. Yeye mwenyewe alinukia sabuni ya kipande na jua. Kwa chakula hakuwa na uchoyo hata kidogo. Sahani ya pilau ilipita juu ya ua kuja kwangu Idi zote, na Krismasi mimi nilimrudishia kuku niliyempikisha kwa jirani Mwislamu ili asipate la kusita. Lakini umwombe pipa tupu! Pipa moja lililotoboka aliliomba kwa meneja kama mtu anayeomba kiwanja.

Jambo lililowachekesha wengi ni hofu yake ya kuku. Mtu huyu aliyefungua vali za mvuke bila kupepesa macho alikuwa akiona jogoo anakuja upande wake, anarudi ndani na kufunga mlango. Nilimuuliza sababu.

"Hawana mpango," alinijibu. "Mvuke una mpango. Kuku hujui atafanya nini."

Na kweli, mambo yasiyokuwa na mpango yalimtia wasiwasi, ila aliyafuata yalikokwenda. Nadhani ndiyo maana alidumu.

Maneno ya watu hayakumkosa. Alikuwa na shangazi, mtu mzima wa Likoni, mwenye ucha Mungu wa kweli, aliyekuja Magogoni kumtembelea na asinywe hata maji. Alikuja na birika lake. Siku moja nilikuwa nimekaa nao barazani, shangazi akamuuliza waziwazi, "Mwanangu, utasimama vipi mbele ya Mola na kazi hiyo ya tembo, ya ulevi?"

"Walevi ni magari, shangazi. Mimi nawapikia tu, wala siketi nao."

Mimi nikaangua kicheko. Shangazi alinitazama. "Nawe watekani?" akauliza, kwa Kimvita chao, yaani nacheka nini. Nikafunika mdomo kwa kanga. Bi Mkemia akacheka peke yake mpaka mtandio ukamteleza. Lakini shangazi alipokwisha kuondoka, alikaa akitazama viganja vyake.

"Usidhani silifikirii, Mama Kadzo," alisema. "Nalifikiria kila ninapotawadha."

Sikumwona tena akilizungumza kwa huzuni, lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba ule mzaha wake ulikuwa na mtu ndani.

Kusema kweli ndiko kulikomletea matatizo, na ndiko kulikompa kazi aliyoipenda kuliko zote. Asubuhi moja walikuja watu wa kijitoni, wanaume na wanawake wanaoishi kwa kaa, chaza na samaki wadogo wa mikokoni. Mbele yao alikuwa mzee mmoja amebeba karai la samaki waliokufa. Mlinzi akafunga geti. Meneja akapeleka neno kwamba yuko mkutanoni, ingawa sote tulimwona dirishani. Bi Mkemia akatoka maabara, akavuka uwanja bila haraka, akamwambia mlinzi, "Fungua."

Nilikuwa mlangoni mwa stoo, nikasikia yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mkubwa hapa?"

"Si mkubwa. Ni mkemia."

"Haya, mkemia. Niambie hawa wamekufa na nini."

Tulitegemea aseme waachwe wakapimwe, majibu yatakuja. Ndivyo ofisi zinavyosema. Yeye alichukua samaki mmoja, akafunua shavu lake, akanusa, akamrudisha karaini kwa adabu.

"Ni maji yetu, baba. Yamemaliza hewa iliyo ndani ya maji ya kijito. Samaki wamekosa pumzi."

Mzee aliliweka karai chini. Alikuwa amekuja na ugomvi wake kamili, na sasa hakuwa na wa kugombana naye.

"Sasa?" alisema mwishowe.

"Sasa nipe muda nitafute la kuyafanya."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa nitakuja mwenyewe mpaka kwako nikwambie nimekosa."

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bara aliyeletwa pwani na kazi, mwenye shinikizo la damu na wakubwa Nairobi ambao simu yao ikilia alisimama kuijibu. Siku hiyo alipiga kelele hadi tukasikia stoo. "Umekiuza kiwanda! Wajua familia ngapi zinakula hapa?"

"Najua. Na kule kijitoni zinakula ngapi?"

Kelele zikakoma. Tulipomwona Bi Mkemia akitoka, tulidhani anakwenda kukusanya vitu vyake. Kumbe alikuwa amepewa tangi bovu la nyuma, mashine kuukuu ya kupuliza hewa, mapipa atakayoyapata kwangu, na onyo. Ikifika masika bila mabadiliko, yeye atakwenda nyumbani, na meneja mwenyewe huenda akamfuata.

Alitukusanya pale tangini, mafundi wawili wa zamu na mimi, akatueleza kwa maneno ambayo hata leo naweza kuyarudia. Alisema maji meusi yananuka kwa sababu bado yana chakula. Hamira ya kwanza imechukua sukari tu, imeacha asidi na mabaki mengine mengi. Tukiyaacha yaende kijitoni, vijidudu vya huko vitakila chakula hicho, na katika kula vitamaliza hewa. "Basi tukile sisi kwanza," alisema. Alikuwa na hamira ya namna nyingine, isiyotengeneza spiriti. Ukiipa hewa nyingi na mbolea kidogo, inakula yale mabaki na kuzaana mpaka maji yawe mazito kama uji. Ukiichuja na kuikausha unapata chakula cha mifugo. Na maji yanayobaki hayana tena cha kuwashibisha vijidudu.

"Na povu?" fundi mmoja akauliza. Alikuwa amekwisha kuona jinsi maji meusi yanavyoumuka yakipulizwa.

"Povu tutalipigia mafuta. Mama Kadzo, wapata wapi mafuta ya nazi safi?"

Niliyapata soko la Kongowea, kwa wanawake wa kwetu waliokuja kuuza. Lakini jaribio la kwanza alitia kidogo mno, kwa ule uchoyo wake wa vifaa. Povu la rangi ya chai ya maziwa lilipanda likafurika, likashuka ngazi, likavuka uwanja taratibu kama mtu anayekwenda kuhiji, likaenda kusimama kwenye magurudumu ya gari la meneja. Tulilikusanya kwa fagio na ndoo. Meneja alitoka, akatazama viatu vyake, akarudi ndani. Bi Mkemia alikuwa amelowa hadi magotini, na usoni alikuwa na ile hali ya mtoto aliyeona sinema kwa mara ya kwanza.

"Imeshika!" alisema. "Mwaona ilivyo na nguvu?"

Ilishika kweli. Kabla ya masika tulikuwa tukianika hamira juu ya turubai nyuma ya kiwanda, vipande vya rangi ya hudhurungi vinavyonukia mkate. Aliila mwanzo yeye, akanipa nami, tukaona ina uchungu kidogo na utamu wa nyama kwa mbali. Kisha ikabidi tuijaribu kwa kuku, na hapo kazi ikawa yangu. Alisimama upande wake wa ua, akinielekeza kwa kidole niwape kiasi gani, na mmoja akiruka tu, yeye yuko ndani. Kuku wangu walinawiri. Manyoya yaling'aa, wakataga mfululizo, na majirani wakaanza kuniuliza nawalisha nini. Haukupita muda mrefu magunia ya hamira yetu yakawa yanauzwa Kongowea, wachukuzi wa mikokoteni wakiyapokea kutoka kwenye lori la kiwanda, na wafuga kuku wa Kisauni yote wakiyagombania.

Maji tuliyoyaacha yaende sasa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, si ya lami. Bi Mkemia alimpelekea yule mzee chupa yake, akamwambia bado si mazuri ila yamekuwa bora. Masika ilipokwisha mzee akarudi getini, safari hii peke yake, na kikapu cha kaa wadogo. Walikuwa wamerudi kwenye matope ya karibu na mfereji, akasema, ingawa samaki bado. Meneja alishuka kumpokea yeye mwenyewe. Kwa siku kadhaa meneja yule alitembea kiwandani akisalimia watu.

Waridi lilikuja kwa sababu ya meli. Mbolea yetu ilicheleweshwa bandarini, ghala langu likawa tupu, na mafundi wakasema mapipa ya kukuzia hamira yazimwe hadi itakapokuja. Bi Mkemia akayazima yote ila moja la mwisho. Alitaka kuona hamira itafanya nini ikinyimwa. Tukaitilia mafuta ya nazi ya kuzuia povu kama kawaida, mashine ikaendelea kupuliza.

Siku chache baadaye alikuja stoo, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakunusa.

"Mama Kadzo, ndoo," akaniita kwa Kimvita, yaani njoo.

Nilimfuata. Kwenye lile pipa mafuta ya nazi yalikuwa yameelea juu, membamba, ya manjano. "Nusa," akaniambia.

Niliinama nikitarajia ule uvundo niliouzoea. Ulikuwepo. Lakini ndani yake, wazi kabisa, palikuwa na harufu ya marashi yanayonyunyizwa kwenye maulidi.

"Nani amemwaga marashi humu?"

"Hakuna."

Alinieleza tukiwa tumeegemea pipa, naye akisema upesi kuliko nilivyopata kumsikia. Hamira yenye mbolea huchukua mbolea, mambo yakaisha. Ikikosa, hurudi kwenye mabaki ya ile hamira ya kwanza iliyokufa mnarani. "Yala wafu wenziwe," alisema. Na katika kuyala, kuna kijisehemu kimoja isichokihitaji, inakitupa nje. Kitu hicho ndicho hichohicho kilichomo ndani ya waridi. Mafuta yamekivuta kwa sababu kinapenda mafuta kuliko maji.

"Kwa hiyo hili ni waridi la uongo," nikasema.

"La. Ni kitu kilekile kimoja. Mti unakitengeneza kwa jua, hii inakitengeneza kwa njaa."

Kutoka hapo hadi kupata mafuta ambayo mtu angejipaka ilikuwa kazi ndefu. Uvundo wa molasi haukutaka kuachana na waridi. Aliyaosha mafuta kwa maji ya uvuguvugu, akayaosha kwa magadi, akapitisha mvuke, akaharibu mengi, akanuna, akaanza tena. Kiwanda hakikumlipa kwa hilo wala hakikumkataza. Mwishowe akaja nyumbani na chupa ndogo, akanipaka nyuma ya mkono juu ya ua. Nilikwenda kanisani Jumapili ile, na wanawake wa benchi langu wakaninong'oneza wote wakati wa mahubiri.

Kisha ikaja harusi ya Likoni. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na mimi nilialikwa kama mtu wa nyumbani. Siku ya kumsinga bibi harusi, kumsugua na kumpaka mafuta mazuri, chumba kilijaa wanawake, somo wake akiwa katikati, mama mmoja mwenye sifa kusini yote kwa kuwalea mabibi harusi. Bi Mkemia alikuwa ameleta bakuli la mafuta yake. Somo akachovya, akamtia bibi harusi upande mmoja wa nywele, na chumba kizima kikapumua kwa pamoja.

"Mashallah! Mafuta haya ni ya Makka?" somo akauliza.

Angeweza kutabasamu tu. Watu wote walikuwa tayari kusadiki.

"Ya Changamwe," akajibu.

Wakacheka. Akaanza kuwaeleza. Alieleza molasi, akaeleza mnara, akaeleza maji meusi, na kadiri alivyoeleza ndivyo chumba kilivyopoa. Somo aliinua mikono yake mbali na mwili kama mtu aliyeshika lami.

"Wamtia bibi harusi wetu tembo?"

"Tembo liliondoka zamani, bibi. Haya yametoka kwenye mabaki."

"Mabaki ya tembo!"

Bibi harusi alikaa pale katikati, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande mwingine mkavu, machozi yanamlengalenga. Shangazi alikuwa ameketi na birika lake miguuni. Nilimwona Bi Mkemia akimtazama yeye tu. Mtu mmoja akasema aulizwe mwalimu wa madrasa, ambaye kwa bahati alikuwa nje barazani na wanaume. Basi maswali yakapita kwenye pazia.

"Kitu hicho kinalewesha?" sauti ya mwalimu ikauliza.

"Hakileweshi, mwalimu."

"Mtu akikinywa?"

"Ataendesha tumbo tu."

Huko nje wanaume wakaangua kicheko. Mwalimu akakohoa, akawangoja wanyamaze.

"Enyi mabibi," akasema, "siki mwaijua ilikotoka? Ilikuwa tembo, ikageuka, nanyi mwaitia kwenye kachumbari. Kitu kikishageuka kimegeuka. Ambaye moyo wake hautulii asijipake. Lakini asimharamishie mwenziwe."

Somo hakuridhika. Alisema hamkatalii mtu, ila mikono yake yeye haitarudi kwenye bakuli lile, akaomba maji ya kunawa. Hapo shangazi akainuka. Aliinuka polepole, magoti yanamsumbua, akasogeza birika lake kando kwa mguu, akaja akakaa nyuma ya bibi harusi na kulivuta bakuli.

"Ndoo nikumalizie," akamwambia mtoto.

Akamtia mafuta upande ule uliobaki, nywele kwa nywele. Alipomaliza alinusa kiganja chake. "Si mabaya," akasema. Bi Mkemia aligeuka akawa anatazama ukuta, na mimi nikajifanya nahangaika na kanga yangu. Chai ilipoletwa, shangazi alikunywa ya nyumba.

Baada ya hapo hata mfanyabiashara wa manukato wa kisiwani alifika Magogoni. Aliyasifu mafuta, akasema atayachukua yote, ila chupa zitaandikwa ni waridi la Taifu, kule Uarabuni. Bi Mkemia akamwambia ziandikwe la Changamwe. Yule bwana alicheka kwa adabu, akasema hakuna bibi atakayenunua harufu ya Changamwe. Wakanywa chai, wakaagana vizuri, na biashara ikafia hapo. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika. Wanawake wa Kisauni na Likoni waliyanunua kwa jina lake, tena wakilitamka kwa kicheko, "Nipe Changamwe kidogo," na hilo lilimfurahisha kuliko duka lolote.

Miaka ya tisini ilipoanza, petroli ikaacha kuchanganywa. Sababu zilisemwa nyingi, nazo hazikutufikia kwa mpango. Mnara ukapoa. Treni ya molasi ikawa haiji. Meneja alituaga mmoja mmoja, akarudi kwao, na nasikia alifungua shamba la kuku. Bi Mkemia aliosha mapipa yake yote mwenyewe, akayapindua yakauke, ingawa hakuna aliyekuwa akiyahitaji. Kisha akahamia Likoni kwa shangazi yake aliyekuwa amezeeka. Mimi nikabaki Magogoni na kuku wangu, na ule ua wa makuti ukaoza tusiwe na sababu ya kuujenga upya. Tulipelekeana salamu kwa watu, kama ilivyo ada, kisha salamu nazo zikapungua.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka hiyo. Nilikuwa nimevuka feri kwenda kumtazama mgonjwa, nikaulizia nyumba yake kwa kuwa nilikuwa karibu. Aliyenifungulia mlango alikuwa mwanamume wa makamo, kikoi kiunoni, kisu mkononi na macho mekundu kwa vitunguu.

"Karibu, karibu. Bibie yuko nyuma. Mimi ni mumewe."

Nilibaki nimesimama. Miaka yote ile alikuwa akisema kwamba mwanamume ni kama pipa, ukimpata mzima huna pa kumweka. Mume alicheka aliponiona nimeduwaa. Alikuwa fundi mstaafu wa injini, walioana mwaka uliotangulia, baada ya shangazi kufariki, na mpishi wa nyumba ni yeye. Bi Mkemia akatokea, mvi zimetanda, mnene kidogo, akanikumbatia. Akamnyang'anya mumewe kisu, akamwambia amkalishe mgeni.

Basi tukakaa. Yule bwana akainama kwangu, akapunguza sauti.

"Dada, nieleze. Huyu mke wangu alikuwa akifanya nini hasa Changamwe? Nikimuuliza asema alikuwa akichemsha maji."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za geti na karai la samaki, jinsi meneja alivyomfokea, jinsi alivyofanya kazi na tangi bovu huku kazi yake ikining'inia. Nikaeleza harusi, nikaeleza maneno ya watu, na mfanyabiashara aliyetaka kumbadilishia jina, na siku mnara ulipopoa. Bwana yule alisikiliza mikono imelala mapajani. Mara mbili tatu alitikisa kichwa, "Subhanallah, mateso yote hayo!" Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza kitambo.

Bi Mkemia akaja akasimama mlangoni, anajifuta mikono kwa kanga.

"Umesema kweli yote, Mama Kadzo," akaniambia. "Ila wanisimulia kama mgonjwa. Umesahau moja."

"Lipi?"

"Hukumwambia kwamba nilifurahi." Alimgeukia mumewe. "Kila asubuhi nilitoka Magogoni mbio, bwana. Mbio, mtu mzima mimi, mkoba kwapani. Nilikuwa siwezi kungoja kujua mapipa yamelala vipi. Watu wakiniona wakinihurumia, nami namwomba Mungu wasijue raha ninayoipata, wasije wakaitaka."

Nilikuwa nimemjua muda wote ule, nimemsimulia kwa watu wengi, na hilo sikuwahi kulisema hata mara moja.

Akavuta kigoda, akakaa katikati yetu, akamrudishia mumewe kile kisu na bakuli la vitunguu.

"Wewe kata," akasema. "Nitasimulia mimi." Na akaanza na siku moja ambayo mimi sikuwepo.